Daftari ya PA wa MCA inafaa kufika bungeni

Kila mwaka ikifika Juni, bajeti ya kaunti ikiwa karibu kupita, lazima usikie MCA fulani, yaani mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti, akilia kwa redio ati barabara ya wadi yake imeachwa nje, ama zahanati iliyoahidiwa haijawekewa hata shilingi, na watu wa mtaa wanamshangilia kwa sababu wanaona anawapigania. Shida ni kwamba Juni mambo huwa yameshaisha. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinasema bunge likibadilisha makadirio, pesa ya fungu moja haiwezi kupanda ama kushuka kwa zaidi ya asilimia 1 ya kiwango chake. Asilimia 1! Tuseme idara ya barabara imewekewa milioni 800, hapo unaweza kuiongezea milioni 8 peke yake, na hapa Nakuru wadi ni 55 na kila moja inataka greda. Ukitaka zaidi ya hapo inabidi uhamishe pesa ndani ya idara hiyo hiyo, yaani unyang'anye wadi ya mwenzako, na huyo mwenzako amekaa hapo kando yako na kura anayo.

Viwango vyenyewe vilipangwa kitambo, kwa ile karatasi ya mkakati wa fedha ya kaunti watu wanaita CFSP, ambayo hazina ya kaunti inafaa kuileta bungeni kufikia 28 Februari, alafu bunge linapata siku 14 za kuijadili. Hizo wiki mbili ndizo zinaamua afya itapata ngapi, barabara ngapi, soko ngapi. Na wiki hizo hakuna redio inakuja, hakuna mtu anashangilia, ni kukaa chini na kusoma jedwali.

Sasa nani anasoma hilo jedwali? Mheshimiwa mwenyewe, ndio, lakini mheshimiwa ana kamati mbili tatu, ana matanga Jumamosi, ana watu kwa geti kabla hata hajanywa chai. Mtu wa kumsomea, kumwekea alama kwa ukurasa na kumwonyesha hapa ndio uongee, ni msaidizi wake, yule sisi wote tunamjua kama PA. Nimefuatilia hizi ofisi kwa muda, hapa Nakuru na Kisumu pia, na mimi naona kazi ya bunge zetu inaanguka hapo. PA tuko naye, analipwa na pesa ya umma, lakini kusoma bajeti na kufuata miswada haiko kwa siku yake kabisa.

Siku yake iko hivi. Asubuhi benchi limeshajaa, iwe ni Kaptembwo, Rhoda, Kivumbini hapa Nakuru, ukienda Kisumu iwe ni Kondele ama Nyalenda, hakuna tofauti. Yeye ana daftari na simu mbili. Mzazi wa kwanza ana fomu ya basari ambayo chifu hajapiga muhuri, wa pili mtoto wake amefukuzwa shule leo na hawezi kungoja kamati ikae, wa tatu ana mwili mochari na bili inapanda kila siku, kijana anauliza kama kuna nafasi ya kufagia soko, mama ana kesi ya mpaka wa shamba na huyo hafai hata kuwa hapo lakini atasikizwa tu kwa sababu amekuja kutoka mbali. Katikati ya hayo mheshimiwa anapiga simu anataka hema na viti vya mkutano wa Ijumaa, anataka picha za jana ziwekwe Facebook, anataka kujua ni nani amemtusi kwa group ya WhatsApp ya wadi. Jioni PA anaenda kwa matanga kupeleka bahasha. Kesho hivyo hivyo.

Hiyo kazi si ya bure na sitaki mtu anielewe vibaya. Mtu akiwa na shida na serikali, mahali pengi PA ndiye uso wa kwanza wa serikali unaomwangalia na kumuuliza jina. Nimeona wengine wakitoa nauli kwa mfuko wao. Ninachosema ni kwamba shida ya huyo mama ikiandikwa kwa daftari alafu ikaishia kwa mia mbili ya nauli, bunge halijawahi kujua kuwa hiyo shida ilikuwako.

Na sheria yenyewe haikuwaza hivi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inasema kazi ya mwakilishi wa wadi ni kukaa karibu na wananchi na kuwauliza maoni juu ya mambo yaliyo mbele ya bunge, kupeleka maoni na mapendekezo yao huko, kuhudhuria vikao vya bunge na kamati, kuwa kiungo kati ya bunge na watu kuhusu huduma. Alafu sehemu ya pili ya kifungu hicho hicho inamkataza kujiingiza kwa kazi za utawala za kaunti ama kutoa huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wa kaunti. Sasa linganisha hiyo na daftari. Karibu kila kitu PA anafanya kutwa nzima kiko upande ule sheria ilikataza bosi wake, na karibu hakuna kitu kiko upande ule iliagiza.

Hapa pia kuna mkanganyo ambao watu wengi hawaujui na unaumiza kazi. Kwa wadi kuna ofisi mbili. Kuna msimamizi wa wadi, ambaye ni mtu wa gavana kwa maana ya utawala, ameajiriwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, huyo ndiye anafaa kushughulika na taka, mtaro, taa imeungua, mfereji umepasuka. Alafu kuna ofisi ya MCA, na meneja wake na wasaidizi wake, ambao mshahara wao unatoka kwa bajeti ya bunge. Mtaro ukifura mtu anaenda kwa PA kwa sababu PA anashika simu. PA naye badala ya kuandika barua kwa msimamizi wa wadi na kuweka nakala, anampigia tu, wanaelewana, mtaro unazibuliwa, kila mtu anafurahi. Mwaka ujao mvua inarudi, mtaro unafura tena, na hakuna karatasi hata moja inayoonyesha kuwa hii ni mara ya tatu na kwamba idara ilipewa pesa ya mitaro na haikuonekana ikifanya kazi. MCA akisimama kuuliza swali kwa kamati hana tarehe, hana picha, hana majina, anaongea tu, na mtu wa idara anamjibu tu.

Bunge lenyewe lina wafanyakazi wake pia, na hawa ni wa kudumu: karani wa bunge, makarani wa kamati, watu wa utafiti, wanasheria wa kuandika miswada, wachambuzi wa bajeti, watu wa Hansadi wanaoandika kila kinachosemwa bungeni. Wengine ni wazuri sana. Lakini hao ni wa kamati na wa bunge zima, si wa wadi yako. Afisa wa utafiti atakuandikia vizuri kuhusu sera ya maji, hawezi kujua kuwa kiosk ya maji ya Shaabab ama ya Manyatta imefungwa na nani na kwa nini. Anayejua ni PA. Na PA hajui kama afisa wa utafiti anaruhusiwa kumsaidia, hajawahi hata kufika kwa hiyo ofisi. Hawa watu wawili wakikutana mara moja kwa mwezi wakiwa na daftari katikati ya meza, naamini nusu ya hoja mbovu tunazoskia bungeni zingekuwa na miguu.

Kwa miji yetu hii maneno ni nzito zaidi. Zamani tulikuwa na kaunsil ya manispaa na madiwani wake, na mambo ya jiji yalijadiliwa na watu wa jiji. Ugatuzi ulipokuja hiyo ikaisha, na Sheria ya Miji na Majiji ya 2011 ikaleta bodi. Kisumu ilikuwa imefanywa jiji 2001, Nakuru ikapewa hati yake tarehe 1 Desemba 2021, lakini jiji siku hizi linaendeshwa na hiyo bodi, si na madiwani. Sheria ya taka, ya maegesho, ya wachuuzi, ya majengo, zote zinapitia bunge la kaunti. Nakuru Town East na Town West zikiwekwa pamoja ni wadi 11 kati ya 55. Kisumu Central na Kisumu East pia ni 11, kati ya 35. Kwa hivyo MCA wa wadi ya Biashara hapa Nakuru akitaka sheria nzuri ya wachuuzi lazima awashawishi watu wa Kuresoi, Njoro, Subukia, Gilgil, ambao kwao shida ni bei ya viazi na barabara ya maziwa, na mwenzake wa Migosi kule Kisumu lazima aongee na watu wa Nyakach, Seme na Muhoroni. Huwezi kushawishi mtu wa Kuresoi na kelele. Unamshawishi na ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri, unaoonyesha kuwa viazi zake zinauzwa na hao hao wachuuzi wanaofukuzwa mjini. Nani anaandika huo ukurasa? Kwa ofisi nyingi, hakuna.

Hebu tuchukue Mswada wa Fedha wa kaunti, maana huu ndio unagusa kila mtu. Bajeti inasema pesa itatumika wapi, huu mswada unasema itatoka mfuko wa nani. Nyuma yake kuna jedwali refu, kurasa na kurasa, ada ya kibanda, ada ya gunia, ada ya kuegesha probox, ada ya kinyozi, ada ya kuzika kwa makaburi ya umma. Sehemu ya mbele ina maneno ya kisheria na watu wanachoka hapo, lakini maumivu yako kwa jedwali. PA anayejua kazi anachukua jedwali la mwaka jana na la mwaka huu anaziweka kando kwa kando, anapiga mstari kila mahali namba imebadilika, alafu anaenda sokoni. Soko la Kibuye kule Kisumu siku ya Jumapili, kwa mfano, ukiwa na hiyo karatasi moja tu na kuuliza wauza nguo na wauza samaki hii ada mpya mnaionaje, saa moja unapata maoni mengi kuliko kikao cha hoteli chenye maji ya chupa na nauli ya kurudi nyumbani. Hayo maoni yakiandikwa, na tarehe, na aina ya biashara, yakipelekwa kwa kamati ya fedha kabla ripoti haijaandikwa, kamati italazimika kuyajibu.

Na mahakama iko nyuma ya wananchi hapa. Katiba kwa kifungu cha 196 inalazimisha bunge la kaunti kufanya kazi wazi na kushirikisha umma, na 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu ushirikishaji haukuwa wa maana. Hiyo kesi kila PA angefaa kuijua, kwa sababu inampa mheshimiwa wake nguvu ya kusema ngojeni, watu wangu hawajaulizwa.

Kuna mtu ataniambia wananchi hawataki hizo karatasi, wanataka basari. Sikubaliani. Juni 2024 vijana wa Nakuru, Kisumu, Kakamega, Eldoret walisoma Mswada wa Fedha wa kitaifa kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaueleza kwa video za dakika mbili, na tarehe 26 mwezi huo Rais akatangaza hatautia sahihi. Tulilipa bei kubwa sana kwa hiyo, vijana waliuawa kwa maandamano na kuna familia hazijapona mpaka leo. Watu ambao wanaweza kusoma mswada wa Nairobi wanaweza kusoma wa kaunti. Wanakosa tu mtu wa kuwaambia umefika, uko hapa, kikao ni Jumanne, ukurasa wa kuangalia ni huu. Hiyo ni kazi ya nusu saa kwa PA mwenye simu na bando, na group ya wadi anayo tayari yenye mamia ya watu.

Kwa nini haifanyiki basi? Sababu kubwa ni vile PA anapatikana. Wengi ni watu wa kampeni. Alibeba spika, alilala kwa gari, alilinda kura usiku kwa kituo, na baada ya kushinda mheshimiwa anamrudishia mkono. Hiyo naielewa, siasa ina deni, na uaminifu ni kitu cha maana kwa hiyo ofisi kwa sababu siri za watu ziko hapo. Lakini mtu akishaingia hakuna anayemfundisha. MCA wapya wakichaguliwa wanapelekwa semina ya kujua Kanuni za Kudumu, wanaelezwa hoja ni nini, taarifa ni nini, mswada unasomwa mara ngapi. PA haalikwi. Anaambiwa tu hii hapa funguo ya ofisi. Alafu mshahara ni mdogo na kandarasi yake inaisha na bosi, kwa hivyo anafikiria uchaguzi wa 2027 kila siku, na kwa hesabu ya 2027 fomu ya basari ni kura na CFSP si kitu.

Na sisi wapiga kura tunamsukuma huko huko. Tunampima MCA kwa matanga aliyofika na mchango aliotoa. Hakuna mtu kwa baraza la mtaa amewahi kusimama kuuliza mheshimiwa umeleta taarifa ngapi bungeni mwaka huu, na ofisi yako imeandika maombi mangapi kwa niaba yetu. Tukiuliza hivyo mara mbili tu, PA atatumwa kutafuta jibu, na akitafuta jibu ataanza kufanya hiyo kazi.

Miji mingine duniani imejaribu kwa njia yao. New York ina madiwani 51 na kila mmoja ana bajeti ya kuajiri watu wake, na kando ya hao baraza lina wanasheria na wachambuzi wa fedha wanaohudumia wote. Wana pesa ambazo sisi hatuna, sawa, lakini mpango wenyewe wa kugawa kazi, huyu wa wananchi, huyu wa sheria na bajeti, hauhitaji pesa ya New York. Ofisi ya wadi ikiwa na watu watatu, mmoja anaweza kuondolewa kwa benchi siku mbili za wiki.

Mimi ningeanza na daftari yenyewe, kwa sababu iko tayari na haihitaji kupitishwa na mtu. Sasa hivi ina jina, namba ya simu, na shida. Ongeza safu mbili: ni idara gani, na ni kamati gani ya bunge inasimamia hiyo idara. Mwisho wa mwezi hesabu. Ukipata watu thelathini wamekuja kwa sababu zahanati haina dawa, hiyo si shida thelathini za kumaliza na mia mbili mbili, hiyo ni taarifa ya kuombwa kutoka kwa mwenyekiti wa kamati ya afya, na kama haitajibiwa hao hao thelathini wanaweza kusaini ombi rasmi, maana kifungu cha 15 cha ile sheria ya 2012 kinampa mtu yeyote haki ya kuomba bunge la kaunti lishughulikie jambo lililo kwa mamlaka yake. PA ndiye anajua wanaishi wapi. Yeye ndiye anaweza kuwakusanya kwa siku moja.

Alafu aweke tarehe za mwaka kwa ukuta, kubwa, mahali hata wageni wanaona. Tarehe 1 Septemba mpango wa maendeleo wa mwaka unaletwa bungeni, huko ndio mradi unafaa kutajwa kwa jina. 28 Februari CFSP. 30 Aprili makadirio. 30 Juni bajeti inapita, na Mswada wa Fedha uko njiani. Katikati kuna ripoti za kila robo mwaka za Msimamizi wa Bajeti, ambazo zinaonyesha kaunti imetumia nini kweli, na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambayo wakati mwingine inataja mradi wa soko ama wa maji kwa jina, umelipwa na haujaisha. Zote ziko kwa mtandao bure. PA akisoma kurasa tano tu zinazohusu kaunti yake, bosi wake ataingia kwa kamati akiwa mtu mwingine.

Bunge nalo lina deni lake hapa. Bodi ya huduma za bunge, ambayo inasimamia utumishi wote huko, iandike wazi kazi ya msaidizi wa wadi ni nini, iweke mafunzo ya siku chache kila mwaka kabla ya Februari, imruhusu aingie maktaba na kuongea na watafiti bila kuomba ruhusa ya mtu. Na kuwe na faili. Hii ndio inaniuma zaidi, kwa sababu MCA akishindwa PA anaondoka na kila kitu, barua, orodha za basari, mawasiliano na idara, vyote viko kwa simu yake na kwa laptop yake, mpya anaingia anapata chumba tupu na kalenda ya ule wa zamani kwa ukuta. Mtaro ule wa miaka mitano unaanza upya kama shida mpya. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, kwa hivyo muda wa kupanga hii uko: kila ofisi ya wadi ikabidhi kwa karani wa bunge orodha ya maombi na barua zilizo wazi, taarifa zilizoombwa na hazikujibiwa, na miradi iliyo kwa bajeti lakini haijaguswa, majina ya wagonjwa na wanafunzi yakiwa yameondolewa. Na PA mwenyewe kama alifanya hiyo kazi vizuri asirudi tu nyumbani kwa sababu ya kura za mtu mwingine. Nafasi za makarani wa kamati na watafiti zikitangazwa, miaka mitano ya kusoma bajeti na kusikiza hilo benchi ihesabiwe kama uzoefu.